Kufanya ovahoo ya 3L ya Hilux na kuiongezea nguvu

Hilux yenye injini ya 3L (dizeli, silinda 4, cc 2779) ikishindwa kupanda Newala kutoka upande wa Masasi ikiwa na magunia ya korosho, wengi hukimbilia kufunga tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi). Tabo iwe hatua ya mwisho. Injini iliyochoka ukiisukumia hewa na dizeli zaidi, utapasua hedi (kifuniko cha juu ya silinda chenye valvu) kabla msimu haujaisha.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kufungua

Pasha injini moto, toa hita plagi zote, chomoa waya wa solenoidi ya dizeli kwenye pampu, kisha funga geji ya kompresheni ya dizeli. Ile ya petroli haifai. Injini isiyochoka husoma karibu kilo 32 kwa sentimita ya mraba. Ikisoma chini ya 20, au silinda zikipishana kwa zaidi ya 5, fungua.

Kujua upepo unatokea wapi, panga pistoni juu kabisa valvu zikiwa zimefungwa, halafu ingiza hewa ya kompresa. Ikivuma kwenye kifuniko cha oili, ringi zimekwisha. Ikivuma kwenye eksozi, ni valvu. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi au ufa.

Hatua ya 2: Hedi

Hapa ndipo injini hizi hufia. Osha hedi mpaka chuma kionekane, kisha ikapimwe ufa kwa presha ya maji, hasa kati ya valvu mbili za silinda moja. Kuchungulia kwa macho hakutoshi, maana ufa mwingine hufunguka hedi ikipata moto tu. Hedi iliyopasuka usiichomelee kwa gari la mizigo, tafuta nyingine. Iliyopinda inaweza kupitishwa mashine, lakini vikombe vya chemba (vilivyopachikwa kwenye hedi, ambamo dizeli huanza kuungua) vitolewe kwanza. Fundi akisaga hedi na vikombe pamoja, havitakaa tena kwa kipimo chake.

Hatua ya 3: Bloku

Nunua pistoni kwanza, za kuzidi 0.50 mm, ndipo upeleke bloku kuchongwa. Mtu wa mashine azipime pistoni zenyewe, asifuate maandishi ya boksi. Ingiza kila ringi ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kwa silinda ya milimita 96, ringi ya juu ikiwa na 0.40 mm inafaa. Kama tabo itafuata, ifikishe 0.45. Mwanya ukiwa mdogo, ringi ikipata joto ncha hugusana na kukwaruza silinda.

Hatua ya 4: Gasketi na kukaza

Gasketi za 3L huja za unene wa aina tatu: B nyembamba, D ya kati, F nene. Pima kwa dayo geji (kipimo cha mshale) jinsi pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, zote nne, na uchague kwa iliyochomoza zaidi. Ukiweka B palipotaka F, pistoni itagonga. Ukiweka F palipotaka B, asubuhi gari litasumbua kuwaka na kutoa moshi mweupe.

Kausha mashimo ya bolti, kwa sababu oili iliyobaki chini hudanganya toki spana (spana ya kupima nguvu ya kukaza) na inaweza kupasua bloku. Anza katikati ukitoka nje, kwa awamu tatu, mpaka nyutonimita 78. Weka alama ya rangi kwenye kila bolti, zungusha nyuzi 90, kisha 90 tena.

Funga taimingi beliti mpya pamoja na tenshona, zungusha injini kwa mkono mara mbili, uangalie alama upya. Valvu zipimwe injini ikiwa baridi: za kuingiza 0.20 hadi 0.30 mm, za kutoa 0.40 hadi 0.50. Hurekebishwa kwa kubadilisha vidonge vya chuma vya juu yake.

Hatua ya 5: Maji

Visima vingi vya pwani, kuanzia Mikindani hadi Lindi, vina maji ya chumvi. Yakiingia kwenye rejeta hujenga magamba na kula chuma. Tumia kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi. Rejeta ifunguliwe na kusuguliwa ndani, tamostati iwe mpya, na feni ya klachi ikizunguka ovyo injini ikiwa moto, ibadilishwe.

Hatua ya 6: Nguvu

Nozeli na pampu zipimwe kwenye mashine, eksozi iwe ya inchi mbili na nusu bila kona kali. Watu wengi huridhika hapa.

Anayetaka zaidi hufunga manifoldi ya 2L-T, injini ya Toyota yenye tabo, na tabo yake ya CT20; linganisha mashimo kabla ya kulipa. Oili ya kulisha tabo ichukuliwe kwenye tundu la swichi ya presha ya oili, na bomba la kurudi liwe pana na literemke moja kwa moja, la sivyo tabo itavujisha oili. Kompresheni ya 3L ni 22.2 kwa 1, hivyo usivuke presha ya 0.5 ba. Skrubu ya dizeli iongezwe robo mzunguko kwa mara moja, ukiangalia geji ya joto la moshi: ikifika nyuzi joto 700 za sentigredi kabla ya tabo, rudisha nyuma.

Kilomita 1,000 za kwanza zipige bila mzigo mzito, Mtwara hadi Mingoyo na kurudi, ukibadilisha mwendo. Oili imwagwe kwenye 500 na tena kwenye 1,000, na valvu zipimwe upya siku ya kumwaga oili mara ya pili.