Simu inasumbua baada ya apdeti? Usikimbilie kuflashi

Kosa langu kubwa katika miaka tisa ya kushika bisibisi hapa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, lilitokana na haraka. Mama mmoja alileta simu inayojizima kila akipiga, tangu apdeti ya usiku uliopita. "Fundi, nimeharibu nini?" Nikaiflashi, yaani nikafuta kila kitu na kuweka programu ya simu upya. Picha za harusi ya mwanawe zikaenda, tatizo likabaki palepale. Siku nne baadaye ikaja apdeti nyingine, likaisha. Hakuwa ameharibu chochote. Simu nyingi za toleo lile zilikuwa zinaumwa hivyohivyo.

Siku hizi, kabla sijafungua hata kava, natafuta kujua kama ugonjwa ni wa simu moja au ni wa wengi. Hata wewe unaweza kujipimia nyumbani.

Kwanza, ijue simu yako kwa jina kamili. "Natumia Samsung" haitoshi. Ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya kuhusu simu, unakili namba ya modeli na ule msururu mrefu wa herufi na tarakimu za toleo la programu ya simu. Jina la kwenye boksi linadanganya: Galaxy S20 za Ulaya zilikuja na prosesa (ubongo wa simu) ya Exynos, za Marekani Snapdragon. Hapa Kariakoo utazikuta shelfu moja, maana mzigo wa Dubai hauchagui.

Kisha itafutie pacha: modeli ileile, toleo lilelile. Mimi napiga kelele tu kwa jirani wa duka la pili. Wewe uliza kazini au kwenye grupu la familia. Pacha akiwa mzima, anza kuishuku simu yako. Pacha ambaye hajaapdeti hakusaidii sana. Na usishangae kumkuta hivyo, kwa sababu kampuni nyingi hutoa apdeti kwa mafungu, wachache kwanza.

Angalia nafasi iliyobaki. Simu iliyojaa pomoni huleta vituko vya kila aina. Halafu iwashe katika hali salama (safe mode). Kwenye Android nyingi unafungua menyu ya kuzima, unashikilia neno la kuzima kwenye skrini mpaka simu ikuulize kama unataka hali salama. Humo zinafanya kazi programu zilizokuja na simu tu. Ikitulia, mchawi ni programu uliyoweka mwenyewe. Kama ni joto kidogo na chaji kuisha upesi, ipe siku mbili: baada ya apdeti kubwa simu hupanga upya mafaili yake kimyakimya.

Usisahau kwamba kuna apdeti zinazoingia bila kubisha hodi. Machi 2021 programu zilikuwa zinajifunga zenyewe kwenye simu za Android duniani kote, na watu wakailaumu kila programu kivyake. Mkosaji alikuwa Android System WebView, kijiprogramu ambacho programu nyingine hukitumia kuonyesha kurasa za wavuti, na kinajisasisha kupitia Play Store. Dawa ikawa kukisasisha tena, pamoja na Chrome.

Ukiingia mtandaoni kutafuta wenzako, usihesabu malalamiko. Ambaye simu yake ni nzima haandiki. Tazama kama dalili ni moja, modeli ni moja na siku ni moja, kwa watu wa nchi mbalimbali. Tarehe 24 Septemba 2014 ilitoka iOS 8.0.1, apdeti ya mfumo wa iPhone, na iPhone 6 na 6 Plus zikapoteza mtandao na alama ya kidole. Apple waliiondoa siku hiyohiyo, kesho yake wakatoa 8.0.2. Apdeti ikiondolewa namna hiyo, huhitaji ushahidi mwingine. Lakini huyu akilia na kamera, yule betri, mwingine Wi-Fi, hayo ni makelele ya soko.

Kuna tatizo la katikati, si la wote wala la simu moja, nalo linatugusa sisi mafundi. iPhone zilizobadilishwa kitufe cha alama ya kidole nje ya Apple zilikuwa zikiapdeti zinagoma kuwaka, zinaandika kosa namba 53. Februari 2016 Apple waliomba radhi na kutoa marekebisho. Kwa hiyo usimfiche fundi kwamba simu ilishafunguliwa na fundi mwingine kule Mwenge.

Ukigundua ni la wengi, hamisha picha zako, usifute simu, angalia apdeti mpya kila siku. Ikiwa ni lako peke yako, njoo, na uje na chaji yako. Nimeshapokea simu "zilizouawa na apdeti" ambazo mgonjwa alikuwa waya.