Jinsi ya kufuatilia mkopo wa elimu kutoka mkatabani hadi darasani

Anayetaka kujua mkopo wa nje umeifanyia nini sekondari ya kata yake aanze na nyaraka, si hotuba za uzinduzi. Benki ya Dunia huweka katika tovuti yake hati ya tathmini ya mradi pamoja na mkataba. Ruka kurasa za utangulizi, ambazo aghalabu ni sifa tupu, uende kwenye masharti ya kutolewa kwa fedha, kwani hapo ndipo utakapoona serikali imeahidi kutimiza nini ili ilipwe.

Chukua mradi wa SEQUIP wa kuboresha elimu ya sekondari Tanzania, wa dola milioni 500, ulioidhinishwa Machi 2020 baada ya mvutano mrefu kuhusu wasichana waliofukuzwa shule kwa kupata ujauzito. Novemba 2021 serikali iliwaruhusu kurudi katika shule za kawaida, ingawa tusiuhesabu uamuzi huo kuwa tunda la mkopo peke yake, maana uongozi wa nchi nao ulikuwa umebadilika.

Soma pia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, hata kama hayataji shule: sharti la kubana mishahara ya umma huweza kupunguza ajira za walimu.

Kisha nenda shuleni ukalinganishe kiasi kilichobandikwa kwenye ubao wa matangazo na madarasa, maabara na matundu ya vyoo yaliyokamilika. Ukiona pengo, iandikie bodi ya shule, na nakala umpelekee mkurugenzi wa halmashauri.