Tarakimu moja ya ziada: jinsi ya kulinda namba za wanachama kwa jedwali la Damm

Mwaka jana niliandika marejesho ya mama mmoja, shilingi 85,000, kwenye ukurasa wa mwanachama mwingine. Yeye ni 2041, mwenzake ni 2014. Namba zetu huanza na tarakimu mbili za mwisho za mwaka wa kujiunga, kisha nafasi ya mtu kwenye orodha ya mwaka ule: wote wawili waliingia 2020, mmoja wa 41, mwingine wa 14. Mama alikuja kikaoni akasomewa mbele ya watu kwamba hajalipa, na stakabadhi anayo mkononi. Nilimwomba radhi pale pale. Hata hivyo aibu ile hakustahili, na tangu siku hiyo sikutaka tena kutegemea macho yangu peke yake.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akiba na mikopo huku Muheza, na kabla ya hapo nilifundisha hisabati sekondari. Nilijua dawa ipo: tarakimu ya ukaguzi, yaani tarakimu moja inayoongezwa mwishoni mwa namba ili namba iweze kujihakiki yenyewe. Swali lilikuwa tuipateje.

Wengi hufikiria kwanza kujumlisha. 2+0+4+1 ni 7. Lakini 2+0+1+4 nayo ni 7, kwa sababu kujumlisha hakujali nani katangulia. Kosa langu lingepita vilevile. Njia ya Luhn, inayotumika kwenye kadi za benki, ni bora zaidi, ila 09 ikigeuka 90 haioni kitu. Mimi nilitaka njia isiyoacha hata jozi moja.

Mwaka 2004 H. Michael Damm, katika tasnifu yake ya udaktari huko Ujerumani, alionyesha kwamba jedwali la tarakimu kumi linalonasa kila jozi ya jirani iliyogeuzwa lipo, ilhali kabla yake kulikuwa na dhana kwamba haliwezekani. Linakili hivi. Tarakimu za kushoto ni za mistari, za juu ni za safu:

    0 1 2 3 4 5 6 7 8 9
0 | 0 3 1 7 5 9 8 6 4 2
1 | 7 0 9 2 1 5 4 8 6 3
2 | 4 2 0 6 8 7 1 3 5 9
3 | 1 7 5 0 9 8 3 4 2 6
4 | 6 1 2 3 0 4 5 9 7 8
5 | 3 6 7 4 2 0 9 5 8 1
6 | 5 8 6 9 7 2 0 1 3 4
7 | 8 9 4 5 3 6 2 0 1 7
8 | 9 4 3 8 6 1 7 2 0 5
9 | 2 5 8 1 4 3 6 7 9 0

Ukimaliza kunakili, lihakiki kabla ya kulitumia. Kila mstari uwe na tarakimu zote kumi bila kurudia, kila safu vivyo hivyo, na sifuri zishuke kwa mshazari kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia. Mimi mara ya kwanza nilikosea mstari wa 6, na ni ukaguzi huu ulionistua.

Sasa chukua 2041. Anzia mstari wa 0, safu ya 2: unakuta 1. Hiyo 1 ndiyo inayokuambia uende mstari gani. Mstari wa 1, safu ya 0: 7. Mstari wa 7, safu ya 4: 3. Mstari wa 3, safu ya 1: 7. Tarakimu zimekwisha, basi 7 ndiyo ya ukaguzi, na namba kamili ni 20417. Ukifanya hivyo kwa 2014 utapata 4, yaani 20144.

Kuhakiki ni safari ileile, ila unapita mpaka tarakimu ya mwisho. Namba sahihi huishia kwenye 0. Jaribu kosa langu: mtu ana 20417, mimi naandika 20147. Utapita 1, 7, 9, 4, kisha 9. Si sifuri, basi kalamu chini.

Kwa nini inafanya kazi? Jedwali ambalo kila tarakimu hutokea mara moja tu katika kila mstari na kila safu, wanahisabati huliita kwasigrupu. Ukikosea tarakimu moja, unajikuta kwenye mstari usio wako, na kwa kuwa safu hairudii tarakimu, hutarudi tena kwenye njia ya kweli mpaka mwisho. Kosa la tarakimu moja halipiti kamwe. Hili linatufaa sana kwenye simu, pale mtandao unapokatika na "tatu" ikasikika kama "tano".

Kugeuza tarakimu jirani ndiko kunakonivutia zaidi. Shuleni tulizoea kwamba mabano huhamishika: (5+7)+2 ni sawa na 5+(7+2). Katika jedwali hili sivyo. 5 na 7, yaani mstari wa 5, safu ya 7, hutoa 5, kisha 5 na 2 hutoa 7. Lakini ukianza na 7 na 2 unapata 4, na 5 na 4 hutoa 2. Kutohamishika huko si dosari. Mabano yangehamishika, lazima pangekuwepo tarakimu moja isiyobadilisha chochote, kama sifuri katika kujumlisha, na hiyo ingebadilishana nafasi na jirani yake bila kuacha alama. Ndiyo maana Mholanzi Jacobus Verhoeff, aliyebuni njia yake ya tarakimu ya ukaguzi mwaka 1969 kwa mfumo wa mabano yanayohamishika, alilazimika kuzivuruga tarakimu kwanza kulingana na nafasi zake. Damm hakuhitaji hilo: jedwali lake lilichaguliwa ili jirani wawili tofauti wakibadilishana nafasi, matokeo yabadilike daima.

Mwenye kompyuta aweke tarakimu mia moja za jedwali, bila vichwa, kwenye B2 hadi K11 za Excel. Matokeo ya hatua iliyopita yakiwa M2 na tarakimu mpya N2, andika =INDEX($B$2:$K$11,M2+1,N2+1). Mimi natumia karatasi niliyoibandika ndani ya jalada la leja. Wanachama wetu 63 niliwamaliza alasiri moja.

Ujue mipaka yake. Sifuri za mwanzoni hazibadilishi kitu, kwa hiyo amueni urefu wa namba na msiuache. Makosa mawili kwa pamoja yanaweza kupita. Namba iliyoandikwa ovyo kabisa hupita mara moja katika kumi. Na jedwali si siri: mwizi naye anaweza kulitumia, basi saini na stakabadhi ziendelee.

Namba ikigoma kufika sifuri, usikisie ilikusudiwa ipi. Mwombe mwenyewe aisome upya kutoka kwenye kitabu chake. Mama yule wa 20417 sasa huisoma tarakimu kwa tarakimu, kidole changu kikiwa kwenye jedwali. Nikifika sifuri namwambia, "Imekaa, mama," ndipo anaanza kuhesabu noti.