Kuwafundisha Watoto Hesabu na Mdundo kwa Hula: Anza na Nne, Kumi Itafuata

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa chekechea au mzazi anayetaka kutumia hula, ngoma ya asili ya Visiwa vya Hawaii, kuwafundisha watoto wa miaka minne hadi saba kuhesabu na kushika mdundo. Wengi humtaka mtoto ahesabu hadi kumi huku akicheza, na hapo ndipo hesabu na miguu vinapoachana, kwa kuwa hatua za msingi za hula huenda kwa mapigo manne manne. Hesabu ya jadi ya Wahawaii nayo ilijengwa juu ya nne: vitu vinne ni kauna moja, kauna kumi ni ka'au, yaani 40, na ka'au kumi ni lau, yaani 400. Kwa hiyo tunaanza na kauna.

Hatua ya kwanza ni ya sikio, na miguu haihusiki. Hula ya kale huongozwa kwa ipu heke, vibuyu viwili vilivyounganishwa, ambavyo mpigaji huvigonga chini vikatoa sauti nzito inayoitwa u, kisha huvipiga ubavuni kwa vidole vikatoa sauti nyepesi inayoitwa te. Ukikosa kibuyu, ndoo ya plastiki iliyofudikizwa itatosha. Watoto walioketi mkekani waseme "u, te, u, te" mpaka sauti zao zilingane, ndipo waweke namba mahali pa sauti hizo. Kabla ya kila duru tumia mwito wa kumu hula, yaani mwalimu wa hula: yeye huita "Ho'omakaukau!", yaani jiandaeni, wanafunzi huitikia "'Ae!", yaani ndiyo, naye husema "Pa!" mdundo ukaanza. Faida yake, mbali na furaha wanayoipata, ni kwamba wote huanza moja kwa pamoja.

Hatua ya pili ni vijiti viwili vya kugonganisha, kala'au, kwa hesabu ileile. Usikae hapo muda mrefu.

Hatua ya tatu, kaholo, ndiyo kiini cha somo. Magoti yakunjwe kidogo na mabega yatulie. Kwa moja, mguu wa kulia uende kulia. Kwa mbili, wa kushoto uufuate. Kwa tatu, wa kulia uende tena. Kwa nne, wa kushoto uufikie lakini uguse sakafu tu, bila kubeba uzito. Kisimamie sana kipengele hicho cha mwisho, maana mtoto anayeuegemea mguu wa kushoto kwenye nne hana tena mguu wa kuanzia safari ya kurudi kushoto, na anayeongeza pigo la tano humgonga jirani yake kabla hujasema neno. Wape mgongo unapoonyesha, kwa sababu ukiwatazama, kulia kwako huwa kushoto kwao. Wachezaji wa hula huvaa kupe'e, vikuku vya majani, miguuni. Kwa somo hili mfunge kila mtoto kimoja tu, mguu wa kulia.

Kaholo ya kulia na ya kushoto zikiungana, waulize wamecheza kauna ngapi, kisha mapigo mangapi. Usiongeze kasi hadi sauti na mguu vitue pamoja.

Hatua ya nne ni ili'ili, mawe laini ya volkano yaliyosuguliwa na maji. Mchezaji hushika mawili katika kila mkono na kuyagonganisha kiganjani, hivyo kila mtoto ana kauna yake mikononi. Kwa vidole vidogo kazi hii ni ngumu, kwa hiyo aanze na jiwe moja kila mkono, akiyagonganisha mawe hayo mawili. Atakapomudu manne, mwondolee moja: mkono mmoja unanyamaza, na mtoto anaisikia nne kasoro moja kabla ya kuiandika. Sijaona njia bora ya kuanzisha kutoa.

Tumia mdundo mtupu au wimbo wa kawaida wa watoto. Nyimbo zinazomtukuza Pele au Laka, miungu ya Wahawaii, si za michezo ya hesabu, na ni vyema zibaki kwa walimu wa halau, shule za hula.

Kumi huja mwisho: kaholo kulia, kaholo kushoto, kisha makofi mawili. Waulize kauna ni ngapi, na mangapi yamebaki.