Kujenga LibreOffice kutoka msimbo chanzo, ikiwa na menyu za Kiswahili

Mara ya kwanza nilipojaribu kujenga LibreOffice (programu huria ya kazi za ofisi: nyaraka, majedwali na kadhalika), laptop yangu ya RAM GB 8 ilihema karibu saa mbili, kisha terminali ikaandika:

```
c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus
```

Nikadhani msimbo una kasoro. Kumbe RAM ilikuwa imekwisha na Linux ikaiua kompaila (kifaa kinachogeuza msimbo kuwa programu) ili mashine isigande. Basi mwongozo huu nimeupanga kwa ajili ya mashine ya kawaida na bando la kuhesabu. Natumia Ubuntu, Debian ni vilevile. Chukua toleo jipya la mfumo, maana msimbo wa sasa unadai kompaila mpya.

1. Vifaa

```
sudo apt install git build-essential ccache
sudo apt build-dep libreoffice
```

Amri ya pili ikikulalamikia kuhusu `deb-src`, washa vyanzo vya msimbo kwenye mipangilio ya apt, piga `sudo apt update`, urudie. Kuanzia hapa usitumie tena sudo.

2. Kushusha

```
git clone --depth 1 https://git.libreoffice.org/core lo
cd lo
git submodule update --init --depth 1 translations
```

Usiache `--depth 1`. Bila hiyo utavuta historia nzima tangu enzi za OpenOffice, mzazi wa LibreOffice, na bando litakwisha kabla hujaona hata faili moja. Folda yako isiwe na nafasi katika jina: `Kazi Zangu` itakuletea balaa.

3. Mipangilio

Ndani ya `lo`, andika faili iitwayo `autogen.input`, kila chaguo mstari wake:

```
--with-lang=sw-TZ
--without-java
--with-parallelism=2
```

Mstari wa tatu ndio dawa ya yaliyonikuta. Usipouweka, make (amri inayoendesha ujenzi) huwasha kazi nyingi kwa wakati mmoja kulingana na idadi ya koa za prosesa, na kila kazi inataka RAM yake. Mwenye GB 16 anaweza kuandika 4. Kuacha Java kunapunguza mahitaji, ila utapoteza baadhi ya mambo ya Base, sehemu ya hifadhidata. Mimi sijawahi kuyakosa.

```
./autogen.sh
```

Ikisimama, soma mstari wa mwisho. Kwa kawaida inataja kifurushi kinachokosekana.

4. Tenganisha intaneti na kazi

```
make fetch
```

Hii inashusha maktaba za nje na kuziweka `external/tarballs`. Ifanye penye wifi. Baada ya hapo mashine haihitaji mtandao tena, unaweza kurudi nyumbani ukaendelea.

```
make
```

Chomeka chaji, weka laptop mezani (kitandani feni inazibwa), ukalale. Umeme ukikatika usianze upya: piga `make` tena, itaendelea ilipoishia.

5. Kuifungua

```
instdir/program/soffice
```

Menyu zisipokuja kwa Kiswahili, chagua lugha kwenye mipangilio ya programu. Tafsiri hizi zina ukoo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org ya Kiswahili, na LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice.org mwaka 2010.

6. Kugusa kitu

Hapa wengi huchanganyikiwa. Folda `sw` si Kiswahili. Ni Writer, sehemu ya kuandikia nyaraka; `sw` ni kifupi cha jina lake la kale, StarWriter. Calc, ya majedwali, ni `sc`. Ukibadilisha C++ ya Writer, `make sw.build` inatosha, na ccache, inayohifadhi matokeo ya kompaila yasirudiwe, itakuokolea muda mwingi.

Maneno ya Kiswahili ya Writer yako hapa:

```
translations/source/sw-TZ/sw/messages.po
```

Zipo `sw` mbili: ya kwanza lugha, ya pili Writer. Tafuta neno linalokukera, rekebisha `msgstr` yake (mstari wenye tafsiri), piga `make`, fungua tena. Badiliko hilo litabaki kwako tu. Ukitaka lifike kwa wengine, lifanye kwenye Weblate (tovuti ya kutafsiria) ya The Document Foundation, taasisi inayosimamia LibreOffice, kwani faili hizi za po hutolewa huko.