Kufungua na kusafisha bastola yako ukiwa unaishi Tanga

Ukikaa Tanga, tena ukiwa karibu na bahari kule Raskazone, chumvi iko hewani saa zote na chumvi inavuta unyevu, kwa hiyo bastola uliyoifungia kabatini bila kuigusa masika yote usishangae ukaikuta na madoa ya kutu. Naongea na wewe mwenye leseni yako. Hii kazi unaiweza nyumbani ila ina mpangilio, na kwenye kutoa risasi mpangilio haubadilishwi hata siku moja.

Kwanza simu weka mbali, watoto watoke, kaa penye hewa. Elekeza mtutu kwenye ukuta imara ambao nyuma yake hakuna mtu, kidole kisiguse triga. Toa magazini (kile kisanduku cha risasi ndani ya mpini) KWANZA, halafu ndo ukoki, yaani uvute nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, na risasi iliyokuwa kwenye chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) itaruka nje. Ukianza kukoki magazini ikiwa bado ndani, risasi moja inatoka na nyingine inapanda papo hapo, ukichomoa magazini baada ya hapo unajiona uko salama kumbe chemba imejaa. Hapa ndipo watu wanapoumia jamani. Sasa rudisha slaidi nyuma iache wazi, chungulia chemba, kisha ingiza kidole uhisi kama ni tupu, maana macho yanadanganya. Risasi zote zipeleke chumba kingine.

Nachukua Glock 17 kama mfano. Hii lazima ubonyeze triga kabla ya kuifungua (Beretta 92 kwa mfano haitaki hivyo), ndo maana nimekazania kukagua chemba. Achia slaidi irudi mbele, mtutu ukiwa bado ukutani bonyeza triga. Shika slaidi kwa juu na vidole vinne, gumba nyuma ya mpini, irudishe nyuma kidogo tu kama milimita 3, mkono mwingine uvute chini vile vidude viwili vya pembeni juu ya triga, vyote kwa pamoja, slaidi itatoka kwa mbele. Ikigoma ujue umevuta sana na triga imejiset upya, anza tena, na chemba kagua tena. Springi isukume mbele uinyanyue, iko na nguvu hiyo usiielekeze usoni, halafu nyanyua mtutu. Ishia hapo, pini usiguse, hizo za fundi.

Kusafisha: paka dawa ya kusafishia silaha ndani ya mtutu, subiri dakika chache, pitisha brashi ya shaba kuanzia upande wa chemba kwenda mdomoni, kisha vipande vya kanga iliyochakaa mpaka vitoke visafi, pamba ile inanyonya vizuri sana. Kwingine mswaki wa zamani unatosha.

Mafuta weka tone tone: kwenye reli za slaidi, mtutu kwa nje, na pale nyuma ya fremu (mwili wa chini wenye mpini) ule mkono wa triga unapokutana na kibati chake (connector). Njia ya pini inayogonga risasi iache kavu, na chemba ifute kabisa. Mafuta ya nazi au ya kupikia hapana, yanaganda yanakuwa kama gundi. Ukikosa mafuta ya silaha, yale mepesi ya cherehani yatakusogeza kwa muda.

Kurudishia ni kinyumenyume, mtutu, springi, slaidi kwenye reli mpaka nyuma kabisa. Koki mara kadhaa bila risasi, bonyeza triga mtutu ukiwa umeelekea ukutani, usikie inagonga. Mikono osha kwa sabuni kabla hujashika chakula, masizi ya baruti yana risasi, yaani madini ya lead, ni sumu.

Halafu usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, ngozi inashika unyevu. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, ifungie kwenye sefu, na kwa hali ya hewa yetu ikague kila mwezi hata kama hujaifyatua. Ukikuta kutu imeshachimba mashimo ndani ya mtutu usijaribu kuipiga, peleka kwa fundi anayetambulika kisheria.