Kuacha kanisa bila kumwacha Mungu: nilivyofanya mimi hapa Moshi

Huu ni mwaka wa sita sijakaa ibadani, isipokuwa kwenye misiba, harusi na kipaimara cha mwanangu. Sijabadili dini, na kila siku nasali. Wanaoniuliza nilifanyaje huniuliza kwa kunong'ona, basi naandika.

Kwanza rudisha vya watu. Nilikuwa mweka hazina wa jumuiya yetu huku Pasua, tena naimba sauti ya pili kwaya kuu. Nilirudisha sare mbili, daftari la michango na shilingi 86,500 zilizokuwa kwenye kopo. Tulizihesabu na mwenyekiti mezani kwake, tukasaini wote wawili. Ukiondoka na daftari, hata kama hujagusa senti, utaitwa mwizi, na mwizi hana wa kumsikiliza habari zake za imani. Na ahadi yako ya mwaka imalize. Mimi niliimaliza kwa kinyongo, maana bahasha hizohizo za sadaka ndizo zilizonitoa: jirani yangu alizikwa bila mchungaji kwa kuwa kadi yake ya sadaka ilikuwa tupu miaka miwili. Miaka hiyo miwili alikuwa kitandani.

Pili, mzazi asikie kutoka kwako, na usimwambie kwa simu. Nilipanda hiace ya Machame siku ya Jumatano, siku isiyo na wageni. Mama nilimkuta anapalia migomba. Nilichuma jani la sale, mmea wetu wa kuombea msamaha, mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani, nikampa kwa mikono miwili. Kwetu Wachagga anayepewa sale hakatai kukusikiliza. Sikuomba msamaha kwa kuacha kanisa, niliomba kwa uchungu nitakaomtia. Alilishika muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, utazikwa na nani?"

Uwe na jibu la swali hilo, kwa sababu kila mtu atakuuliza. Langu ni hili: kihamba ni cha ukoo, kaburi nitachimbiwa na ndugu zangu, na mdogo wangu amekubali kuongoza sala. Tumeliandika mbele ya wajomba. Na mimi sikosi misiba ya wenzangu. Jumuiya nimeiacha, lakini ikitokea msiba nafika mapema, namenya ndizi na wale wale kina mama. Kuna anayenuna. Nambandulia maganda tu.

Wazee wa kanisa watakuja, kwangu walikuja watatu. Wapikie chai ya maziwa, wasikilize, usishindane nao kwa mistari. Ibara ya 19 ya Katiba inakupa uhuru wa dini, ila usiwasomee Katiba sebuleni, utawaudhi bure. Niliwaambia, "Shikamooni wazee wangu, nimewasikia, naomba mniombee." Wakaomba, wakaondoka. Kama hujafunga ndoa, ipo ya serikali kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ukitoa tangazo siku 21 kabla. Watoto wangu wanaenda kanisani na baba yao, na kipaimara cha mkubwa nilikaa benchi la mbele.

Sehemu ngumu ni Jumapili yenyewe. Kengele ikilia mwili unainuka wenyewe kutafuta viatu. Miezi ya kwanza nilifua nguo, nikaishia kuona nimemwacha na Mungu pia. Sasa natoa kigoda nyuma ya nyumba mapema, kabla mawingu hayajaifunika Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Bibi yangu alikuwa akiutazama mlima huo akimtaja Ruwa, Mungu wa Wachagga wa zamani, ingawa alibatizwa. Nasoma zaburi moja, nanyamaza, naomba kwa majina ya watu. Sadaka natenga vilevile. Ya mwezi uliopita ilimnunulia mkaa mama mmoja mgonjwa.

Kisha naimba. Mwanzoni binti yangu alitoka jikoni akauliza, "Mama, huo ni wimbo gani?" Sauti ya pili ikiwa peke yake haitambuliki kabisa. Siku hizi najifunza ya kwanza, na ile noti ya juu bado inanishinda.